Ng'ambo ya Wapi? Hori Lililofukiwa na Majina ya Mji wa Zanzibar



Mada niliyopewa nafasi ya kuizungumzia jioni ya leo inahusu maji yasiyoonekana tena. Mtu anayetembea katika mji wa Zanzibar kutoka Mnazi Mmoja kuelekea Darajani, kisha akaendelea kaskazini hadi Bwawani, anatembea juu ya mkono wa bahari au kandokando yake. Mkono wa kushoto ana Mji Mkongwe na nyumba zake za mawe. Mkono wa kulia ana mitaa ya Ng'ambo. Baina ya pande hizo mbili leo kuna barabara pana, soko, bustani na viwanja. Zamani palikuwa na hori, ambalo lilijaa na kupwa pamoja na bahari mara mbili kila siku, na ambalo wakati wa maji makubwa lilikaribia kuufanya mji uliokuwa upande wa magharibi kuwa kisiwa.

Sikuja hapa kusimulia historia ya ujenzi wa miji. Wapo wanaoijua kazi hiyo kuliko mimi. Ninachokusudia ni kuchunguza namna lugha yetu ilivyoyahifadhi maji hayo baada ya ardhi kuyapoteza, na hasa kuuliza imeyahifadhi kwa macho ya nani. Maana majina ya mahali, kinyume cha inavyodhaniwa mara nyingi, si vibandiko vilivyobandikwa juu ya ramani na mtu asiye na upande. Kila jina la mahali lilitamkwa kwanza na mtu aliyesimama mahali fulani.

Wajuao jiografia watanikumbusha kwamba hori si mto. Mto una chanzo, unatoka juu na kuteremkia baharini. Hori ni bahari yenyewe inayoingia nchi kavu na kurudi. Tofauti hiyo ni ya kweli, na kwa habari ya Unguja ina uzito wake, kwa sababu ufuo wa hori haukai mahali pamoja. Neno letu pwani lenyewe huhusishwa na kitenzi kupwa: pwani ni pale maji yanapopwa, pale panapoonekana sasa na kufunikwa baadaye. Pande za Unguja tofauti ya kimo baina ya maji kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4 wakati wa bamvua. Kwa hiyo tusifikirie mfereji mwembamba wenye kingo zilizonyooka. Tufikirie uwanda mpana wa tope na mchanga, ambao asubuhi unaweza kuuvuka kwa miguu ukiwa umepandisha nguo hadi magotini, na alasiri ukahitaji chombo au daraja.

Hata hivyo, kwa upande wa historia ya miji, hori la Zanzibar limo katika kundi moja na mito mingi iliyozikwa duniani. London unao mto Fleet, ambao ulifunikwa vipande vipande katika karne ya 18 na sasa unapita chini ya barabara. Kwa muda mrefu jina la mtaa wa Fleet Street lilikuwa sawa na kusema magazeti ya Uingereza, na wasemaji wake wengi hawakukumbuka maji yoyote. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba neno hilo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mkono wa bahari unaojaa na kupwa, yaani hori hasa. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, uliufunika mto wake wa Cheonggyecheon kwa zege kuanzia mwaka 1958, ukajenga barabara ya juu kwa juu, kisha baina ya mwaka 2003 na 2005 ukaibomoa barabara hiyo na kuyafunua tena maji kwa umbali wa karibu kilomita 6. Kwetu hakuna aliyefunua kitu. Turudi Unguja.

Mji wa mawe ulikua juu ya rasi ya Shangani, hasa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja. Mashariki ya rasi hiyo lilikuwapo hori, na mashariki ya hori yalikuwapo mashamba, miti ya matunda na vibanda vya watu ambao hawakuwa na nafasi au uwezo wa kujenga upande wa pili. Walikuwamo watumwa na waliopata uhuru wao, wavuvi, mafundi, wachukuzi, Wangazija, Wamanyema, watu wa bara na watu wa Unguja yenyewe. Mwingereza Richard Burton, aliyefika mwaka 1856, alililalamikia sana hori hilo kwa harufu na homa, na wageni wengi waliomfuata waliandika kwa mkondo huohuo. Mtu akisoma maandishi yao peke yake atadhani hori lilikuwa jaa tu. Lakini jaa haliegeshwi vyombo. Kwenye mlango wa hori, upande wa kaskazini, ndipo penye mtaa wa Funguni, yaani penye fungu la mchanga, na picha za kale zinaonyesha majahazi yamelazwa hapo maji yalipokupwa. Ilikuwa gati, njia, na mahali pa kufanyia kazi.

Pale hori lilipokuwa jembamba lilijengwa daraja, na mahali pale pakaitwa Darajani. Neno daraja lina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni kipandio cha ngazi, cheo au kiwango. Kiswahili kililichukua neno hilo na kulipa kazi mbili: daraja la kuvukia maji, na daraja la mtu katika jamii. Sidai kwamba waliolitaja Darajani kwa mara ya kwanza walikusudia maana zote mbili. Walikuwa wanaonyesha mahali tu, kama anavyofanya kila mtu anayeelekeza njia. Ila nadhani mwanafunzi wa semantiki atanisamehe nikisema kwamba ni nadra kwa neno moja kuzikusanya maana zake zote katika mahali pamoja kama hapo, kwa sababu aliyekuwa akivuka pale alivuka maji na alivuka cheo kwa hatua zilezile.

Baada ya mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, hori likawa suala la serikali. Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Mwaka 1915 ilitoka taarifa ya Profesa W. J. Simpson kuhusu afya katika Afrika Mashariki na Zanzibar, taarifa iliyopendekeza watu wa rangi mbalimbali wakae mbalimbali na baina yao pawe na ardhi tupu. Mwaka 1923 H. V. Lanchester alichapisha mpango wake wa mji. Katika miaka hiyohiyo, na kwa hatua zilizoendelea hadi miaka ya 1950, hori lilifukiwa: kwanza kusini, palipokuja kuwa viwanja vya michezo vya Mnazi Mmoja, kisha sehemu nyingine kuelekea kaskazini. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Sababu hiyo haikuwa uongo, kwani malaria ilikuwapo na uchafu ulikuwapo. Lakini Garth Myers na William Bissell, waliochunguza nyaraka za upangaji mji wa enzi hiyo, wameonyesha jinsi hoja ya afya ilivyobeba mgongoni hoja ya utengano. Maji yaliyokuwa yametenganisha pande mbili bila kukusudia yalifuatiwa na uwanja uliotenganisha kwa kukusudia.

Hapa nataka tutue kidogo juu ya kitenzi. Maofisa wa kikoloni walikuwa na neno lao kwa kazi hii, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya kukirudisha kitu kilichopotea, kana kwamba bahari iliiba ardhi na serikali inaidai. Kiswahili hakikulifuata neno hilo. Watu walisema, na wanasema, hori lilifukiwa. Kufukia ni kujaza shimo kwa udongo au kifusi, na pia ni kuficha. Mtu hufukia mbegu, hufukia taka, hufukia aibu. Kitenzi hicho hakidai chochote juu ya nani mwenye mali. Kinasema tu kwamba kitu kilikuwapo na sasa kiko chini. Katika mambo ya tafsiri ya istilahi za mipango miji, ambayo wenzetu wa mabaraza ya lugha wanahangaika nayo, mfano huu unafaa kukumbukwa, kwani istilahi yetu ya kienyeji ina uaminifu ambao ile ya kigeni haina.

Sasa nifike kwenye neno ambalo kwa kweli ndilo lililonileta hapa, nalo ni ng'ambo.

Kwa mujibu wa sarufi, ng'ambo ni nomino ya uhusiano. Haijitoshelezi. Tunasema ng'ambo ya mto, ng'ambo ya bahari, ng'ambo ya barabara. Bila kijalizo, msikilizaji ana haki ya kuuliza: ng'ambo ya wapi? Tena, maana yake hugeuka kwa kufuata mahali aliposimama msemaji. Mimi nikiwa ukingo huu, wewe uko ng'ambo. Wewe ukiwa ukingo ule, mimi ndiye niliye ng'ambo. Neno halina dharau ndani yake. Ni la haki kabisa, kama lilivyo hapa na pale, kwa kuwa linampa kila mtu zamu ya kuwa kitovu. Watu wa kisiwa cha Mombasa wanapovuka kivuko cha Likoni huenda ng'ambo, na wa Likoni nao wana ng'ambo yao. Dar es Salaam tunayo Kigamboni, jina ambalo wengi hulieleza kuwa limetokana na neno hilihili, na maelezo hayo yanaungwa mkono na fonolojia: kama ng'ombe anavyokuwa gombe katika ukubwa, ndivyo ng'ambo inavyoweza kutoa kigambo, na kwa kiambishi cha mahali, Kigamboni.

Mji wa Zanzibar ulifanya jambo tofauti. Hapo neno lilianza bila shaka kama kwingineko, ng'ambo ya hori. Kijalizo kikaangushwa kwa sababu hori lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu, na hakuna anayetaja kinachoonekana. Ng'ambo ikabaki peke yake, na baadaye ikapata herufi kubwa ikawa jina la pekee. Mpaka hapo hakuna ajabu, kwani hivyo ndivyo majina mengi ya mahali yanavyozaliwa. Ajabu ni kwamba liliganda upande mmoja. Msemaji wa Shangani aliita Kikwajuni Ng'ambo, na msemaji wa Kikwajuni naye, badala ya kuiita Shangani ng'ambo, aliiita mjini. Hata leo wako wakazi wengi wa mitaa ya mashariki ambao wakitoka kwenda Darajani, Malindi au Forodhani husema wanakwenda mjini, ingawa wao wenyewe wanaishi katikati ya mji, na ingawa watu wa upande wao walikwisha kuwa wengi tangu zamani. Neno lililokuwa na zamu likapoteza zamu yake. Aliyesimama magharibi ndiye aliyeendelea kusema, na aliyesimama mashariki akajifunza kujitaja kwa kinywa cha jirani.

Maji yalipokuwapo, kosa hili lilikuwa linarekebishika. Mtoto angeweza kusimama ukingoni, akatazama, na kuuliza kwa nini sisi ndio tuwe ng'ambo na wao wasiwe. Maji yalipofukiwa kijalizo kilichoangushwa hakikuweza kuokotwa tena. Ng'ambo ikawa ng'ambo bila ya chochote, kana kwamba kuwa upande wa pili ni sifa ya asili ya watu wa huko, kama rangi ya udongo. Kwa maana hiyo nasema hori lilifukiwa mara mbili, ardhini na katika sarufi.

Na tusisahau kejeli iliyomo humohumo. Neno hilihili, likitumiwa na Mswahili yeyote wa pwani au bara, lina maana nyingine ya nchi za mbali, hasa Ulaya: kijana amekwenda ng'ambo kusoma, bidhaa zimetoka ng'ambo. Hapo ng'ambo ni fahari. Katika Zanzibar ya enzi ya ukoloni mtu angeweza kuishi Ng'ambo maisha yake yote na kuota safari ya ng'ambo. Bahari kubwa ilimpandisha mtu daraja, na hori dogo lilimshusha.

Lakini je, watu wa upande ule walilikubali jina hili tu, wakanyamaza? Ukiitazama orodha ya mitaa yao utaona kwamba hakuna aliyeishi Ng'ambo. Watu waliishi Kikwajuni, penye mkwaju; Miembeni na Mwembetanga, penye miembe; Michenzani, penye michenza; waliishi Rahaleo. Ng'ambo lilikuwa jina la kutajwa kutoka nje, au la kutaja upande mzima, wakati nyumbani kulikuwa na jina lake. Majina hayo ya miti ni hati za mashamba yaliyotangulia mji. Yanatuambia kwamba waliohamia pale hawakujiona wamekwenda upande wa pili wa kitu. Walijiona wamefika chini ya mti fulani. Hii nayo ni namna ya kusimama mahali pako na kutamka. Nadhani watafiti wa majina, wakiwamo wa hapa chuoni, wamelishughulikia mno jina la jumla na kuyapuuza haya ya ndani, ambayo ndiyo yenye sauti ya wenyeji.

Yako pia majina ya mitaa yanayoonekana kulikumbuka hori bila kulitaja. Funguni nimekwisha kulitaja. Mchangani, karibu na Darajani, halihitaji kufafanuliwa. Kisiwandui husikika kama kisiwa cha ndui, na wapo wanaosimulia kwamba wagonjwa walitengwa hapo. Lakini hapa nawatahadharisha wanafunzi. Maelezo ya asili ya jina yanayotoka kwa urahisi hivyo yanaweza kuwa kweli, na yanaweza kuwa yametungwa baadaye ili jina lipate maana. Sehemu ya mwanzo, kisiwa, inapatana na umbile la mahali palipokuwa na maji yanayojaa. Sehemu ya pili ingali inadai ushahidi wake.

Fasihi yetu imeliona jambo hili mapema kuliko isimu. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyochapishwa mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, inamchukua Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, inamtoa kwenye nyumba ya mumewe mjini, na hatimaye inamfikisha nyumbani kwa Mwajuma, Ng'ambo. Wasomaji wengi husoma safari hiyo kama habari ya mapenzi na siasa, na ni kweli ni habari ya mapenzi na siasa. Ila ni vizuri kuona kwamba mwandishi hakuhitaji kumpandisha Yasmin meli ili kumbadilishia dunia. Ilitosha avuke barabara, maana kwa sheria ya jamii ya wakati ule barabara hiyo ilikuwa bado ina kina cha maji. Kabla ya hapo, katika maisha halisi, Siti binti Saad alitoka Fumba akaja mjini, akakaa Ng'ambo, akaimba Ng'ambo, na akaitwa kuimba mbele ya wakubwa wa upande wa pili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliyemwandikia wasifu, na Laura Fair aliyechunguza burudani za mji huo katika kitabu chake cha mwaka 2001, kila mmoja kwa namna yake ameonyesha kwamba sauti yake ilivuka pale ambapo watu wa hali yake walikuwa hawavuki kwa urahisi.

Niseme sasa juu ya uwanja wenyewe, yaani ile ardhi iliyopatikana juu ya maji. Mnazi Mmoja wa Zanzibar ulikusudiwa kuwa nafasi ya hewa na michezo, na sehemu yake ilikuwa ya vilabu vya Wazungu na ya michezo yao. Kusini yake, mwaka 1925, ilifunguliwa Beit el Amani, jumba la makumbusho lenye kuba lililosanifiwa na John Sinclair. Walioichora ramani waliona nafasi tupu ya kutenga. Walioitumia ardhi waliona uwanja. Vijana wa Ng'ambo walichezea hapo mpira, na kwa vizazi sasa watoto wa pande zote mbili wamekutana Mnazi Mmoja na katika Bustani ya Jamhuri siku za Idi, wakiwa na nguo mpya na senti za kununulia peremende. Mikutano ya siasa nayo ilipata mahali. Nadhani hili ni mojawapo ya mambo ambayo wapangaji hawakuyatazamia, kwamba ardhi tupu iliyo baina ya makundi mawili ndiyo pia iliyo karibu zaidi na yote mawili.

Kwa kulinganisha, Dar es Salaam nayo ina Mnazi Mmoja wake. Huko hapakuwa na hori la kufukiwa katikati, lakini Waingereza katika miaka ya 1920 waliiacha ardhi ile wazi kwa kazi ileile ya kutenganisha, baina ya mtaa wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Jina moja, kazi moja, na baadaye hatima moja ya kuwa uwanja wa watu. Sijui kama yupo aliyeandika tasnifu juu ya Minazi Mmoja miwili hii. Kama hayupo, namwachia mwanafunzi atakayewahi.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliahidi kuufuta mpaka huo. Nguvu za serikali mpya zikaelekezwa Ng'ambo. Michenzani yakajengwa, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, majumba marefu ambayo watu, kwa jicho la utani wa mjini, wameyaita treni. Ni haki kusema kwamba kwa mara ya kwanza kitovu cha mji kilichorwa upande wa mashariki. Lakini lugha haikugeuka. Hakuna aliyeanza kuiita Shangani ng'ambo. Badala yake, miaka ishirini baadaye, upande wa magharibi ulipata jina jipya lenye heshima: kuanzishwa kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na kuingizwa kwa Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, kulilithibitisha jina hilo kitaifa na kimataifa. Mkongwe ni sifa tunayompa mzee, mwenye umri na mwenye kustahiki kutunzwa. Mpaka wa eneo la urithi, kwa sehemu kubwa, unafuata barabara ile iliyopita juu na kando ya hori, ambayo kwa Kiingereza ilibeba jina la hori na leo inajulikana rasmi kwa jina la Rais Benjamin Mkapa. Maji yaliyofukiwa kwa jina la afya yamerudi kuwa mpaka kwa jina la urithi. Siupingi uhifadhi, nyumba zile zinaanguka na zinastahili msaada wote. Napinga kusahau kwamba upande wa pili nao una umri. Kazi iliyofanywa katika muongo wa 2010 ya kuchora na kueleza historia ya mitaa ya Ng'ambo, iliyotoa atlasi mwaka 2019, imeanza kulisahihisha jambo hilo.

Na maji yenyewe? Maji hayakusoma mipango. Uwanja wa Mnazi Mmoja umewahi kuingiwa na maji ya chumvi nyakati za bamvua, na kadiri bahari inavyopanda ndivyo jambo hilo linavyokuwa la wahandisi kuliko la wanahistoria. Upande wa kaskazini, kwenye mlango wa zamani wa hori, katika miaka ya 1970 ilijengwa hoteli ya serikali ikaitwa Bwawani, kwa sababu palibaki pale bwawa lenye majani na matete. Kati ya majina yote niliyoyataja hili ndilo changa kuliko yote, na ndilo ambalo jina na kitu vilikutana kwa miaka mingi bila ya kuhitaji mzee wa kueleza.

Darajani ni kinyume chake. Kwa kijana wa leo Darajani ni soko, ni samaki na viungo, ni nguo za mtumba, na kwa miaka mingi palikuwa pia kituo cha daladala. Ujenzi mpya wa miaka ya 2020 umepabadilisha tena. Daraja halimo katika orodha hiyo. Hapa ndipo ninapowaletea wanaisimu pendekezo, na ndilo litakuwa jambo langu la mwisho.

Majina yenye kiambishi -ni, kwa kanuni, huchukua upatanisho wa mahali: Darajani pamejaa watu, Darajani pamebadilika. Lakini tunasikia pia, na mara nyingi, Darajani imebadilika, kwa upatanisho unaotumika kwa majina kama Mombasa na Zanzibar, ambayo msemaji hayachambui. Dhana yangu ni kwamba badiliko hili si uzembe wa sarufi. Ni kipimo. Msemaji anayesema pamebadilika angali anasikia daraja ndani ya Darajani, au angalau anasikia mahali. Anayesema imebadilika amelipokea jina kama kipande kimoja kisicho na historia. Kama dhana hii ni sahihi, tungetazamia upatanisho wa pa- udumu zaidi kwa wazee kuliko vijana, zaidi kwa Bwawani kuliko Darajani, na zaidi kwa wakazi kuliko wageni. Kama si sahihi, huenda tofauti inafuata kitu kingine kabisa: aina ya kitenzi, au lahaja, au shule. Haya yanapimika kwa kinasa sauti na wiki chache za kukaa barazani.

Ombi langu kwa watakaokwenda ni kwamba waanze mashariki ya barabara, Kisiwandui na Kikwajuni na Miembeni, na kwamba swali la kwanza wasiulize jina la mahali lina maana gani. Waulize: ukiwa hapa nyumbani kwako, ng'ambo ni wapi? Kisha wanyamaze, na waandike jibu kama lilivyotamkwa, pamoja na mkono ulivyoelekezwa.